Filamu Nne na Mzazi Aliyefiwa

Katika usharika wetu likitajwa neno filamu, wengi hufikiria mambo mawili. La kwanza ni ile filamu ya maisha ya Yesu inayooneshwa uwanjani usiku wakati wa mkutano wa Injili. La pili ni vibanda umiza, ambako vijana wetu hujazana kwenye mabenchi na kurudi nyumbani chakula kimeshapoa. Kwa hiyo kikundi chetu cha wanandoa kilipoomba ukumbi mdogo ili tutazame filamu za taharuki na za sayansi ya kubuni, mzee mmoja wa kanisa alituuliza swali la haki kabisa: dunia ina hofu ya kutosha, kwa nini mnakwenda kuitafuta nyingine kwenye shuka jeupe?

Tulimwomba aje aone. Alikuja Ijumaa ya kwanza, akaja na Ijumaa zote tatu zilizofuata. Makala hii ni jibu letu kwake, na ni pendekezo letu kwa familia na jumuiya zitakazopenda kufanya kama tulivyofanya.

Utaratibu wetu ulikuwa mwepesi. Projekta tuliazima, shuka lilitoka nyumbani kwa mmoja wetu, karanga na chai ya tangawizi vikaandaliwa kwa zamu. Kwa kuwa si wote tunaoweza kufuata Kiingereza cha haraka, kijana mmoja wa kwaya alikuwa akisimamisha filamu na kututafsiria, kama wafanyavyo watafsiri wa vibandani, ila bila vichekesho vyao. Baada ya filamu tulizungumza kwa muda wa saa moja, kisha tukafunga kwa sala.

Filamu zilipendekezwa na watu tofauti, wala hakuna aliyepanga zifanane. Ilikuwa Ijumaa ya tatu ndipo mama mmoja alipogundua kwamba katika kila filamu tuliyoiona yupo mzazi aliyepoteza mtoto. Viumbe wa kutisha, vyombo kutoka anga za mbali, bunduki na wapelelezi, yote hayo yalikuwa mavazi tu. Ndani yake kulikuwa na swali moja: uchungu wa kumpoteza mtoto, au hofu ya kumpoteza, humgeuza mtu akawa nani? Kwa jicho hilo ndivyo tunavyozipendekeza. Siri za mwisho tutazitunza kadiri tuwezavyo.

Nyumba isiyotoa sauti

Tulianza na A Quiet Place ya mwaka 2018, iliyoongozwa na John Krasinski, ambaye pia anaigiza kama baba wa familia. Anayeigiza kama mkewe, Emily Blunt, ni mke wake hata nyumbani. Dunia imevamiwa na viumbe wasioona lakini wenye masikio makali ajabu. Kijiko kikigonga sahani, umekwisha. Kwa hiyo familia hii hutembea pekupeku juu ya njia zilizomwagwa mchanga, hula kwa mikono juu ya majani badala ya sahani, na huzungumza kwa lugha ya alama. Binti yao ni kiziwi, na Millicent Simmonds anayemwigiza ni kiziwi kweli. Lugha ambayo wengine wangeiona kama msaada kwa mtoto mmoja mwenye upungufu ndiyo inayoiwezesha nyumba nzima kuishi. Tunao watoto viziwi katika mitaa yetu, na ni wangapi kati yetu tumejifunza hata alama ya kuwasalimu?

Tukio tulilolizungumza sana ni la mezani. Wanashikana mikono, wanainamisha vichwa, wanaomba bila sauti hata moja. Sisi tunaopima uzito wa maombi kwa ukubwa wa spika tulitazamana tukatabasamu.

Lakini uchungu wa filamu uko kwa binti. Mdogo wake wa mwisho aliuawa kwa sababu ya kichezeo chenye mlio, na dada ndiye aliyempa kichezeo kile. Baba hajamlaumu hata siku moja. Tatizo ni kwamba hajamwambia pia kuwa hamlaumu. Usiku baada ya usiku anakaa na vyuma vyake akimtengenezea kifaa cha kumsaidia kusikia, akidhani kazi ya mikono yake inatosha kusema. Baba mmoja katika kikundi chetu alisema kwamba yeye miaka yote amekuwa akilipa ada, na kwake ada ilikuwa ndiyo namna ya kusema nakupenda. Kisha akaongeza kwamba angeulizwa binti yake, huenda asingejua hivyo.

Kasoro ipo. Baada ya sala ile ya mezani imani haionekani tena. Imewekwa pale kama picha ukutani. Na kijana wetu wa kwaya aliuliza swali ambalo hatukulipatia jibu: kama kelele ya maporomoko ya maji inaficha sauti za watu, kwa nini wasihamie huko? Hata hivyo, ni filamu fupi, dakika 90, haina matusi wala uchafu, na wazazi wanaweza kuitazama pamoja na watoto wao waliokwisha kupata Kipaimara. Wadogo zaidi ya hapo watakosa usingizi.

Wageni na neno moja

Ijumaa ya pili tulitazama Arrival ya mwaka 2016, kazi ya Denis Villeneuve wa Kanada, iliyotokana na hadithi ya Ted Chiang iliyochapishwa mwaka 1998. Vyombo 12 vikubwa kutoka anga za mbali vinasimama juu ya sehemu mbalimbali za dunia, kimya. Kanali wa jeshi la Marekani anamwendea mwalimu wa isimu, Louise Banks, amsaidie kuzungumza na wageni hao. Kanali huyo ni Forest Whitaker, ambaye watu wa Afrika Mashariki tunamkumbuka alipoigiza kama Idi Amin katika The Last King of Scotland.

Hapa taharuki haitokani na mabomu. Inatokana na tafsiri. Wageni wanatumia alama ambayo watu wanaisoma kuwa silaha, na papo hapo mataifa yanaanza kujiandaa kupigana. Louise anaomba muda: je, kama maana yake ni kifaa? Kijana wetu alipofika hapo alisimamisha filamu, akasema, "Wazee wangu, hapa sijui niwaambie silaha au chombo cha kazi." Tulicheka, kisha tukaona kwamba hilo ndilo swali lenyewe. Mzee wa kanisa alituuliza: panga ni lipi kati ya hayo mawili? Tukajibu kwamba inategemea mkono ulioshika. Ni ugomvi mangapi katika mabaraza yetu ulianza kwa neno moja lililopokewa kama silaha, na msemaji alilitoa kama chombo?

Kuna jambo jingine ambalo hatuwezi kulieleza bila kufichua siri. Asiyetaka kuijua aruke hadi sehemu inayofuata.

Louise anapojifunza lugha ya wageni, anaanza kuona maisha yake yote kwa pamoja, yaliyopita na yajayo. Binti ambaye tangu mwanzo tulidhani alikwisha kufa, kumbe bado hajazaliwa. Louise anajua kwamba atampata, atamlea, na ugonjwa utamchukua akiwa bado msichana. Anajua, na anakubali azaliwe. Anamwita Hannah, jina linalosomeka vilevile kutoka mwanzo au kutoka mwisho. Nasi tulimkumbuka Hana wa Agano la Kale, aliyemlilia Mungu apewe mtoto kisha akamrudisha kwa Mungu.

Katika kikundi chetu wapo mume na mke waliomzika mtoto wao miaka michache iliyopita. Hatukuwa tumefikiria, na tunakiri kosa hilo. Mume alitoka nje kabla ya filamu kwisha, akakaa kwenye ngazi. Mzee wa kanisa alimfuata, wakakaa wote wawili bila kusema. Mke alibaki hadi mwisho. Taa zilipowashwa alisema kwamba msibani watu wengi walimwambia Mungu alijua, na kila aliyesema hivyo alimchoma. Lakini akiulizwa leo kama angependa mtoto yule asingezaliwa kabisa, jibu lake ni hapana. Angemzaa tena.

Mume aliporudi ndani naye alisema la kwake, na lilikuwa zito. "Yule baba hakuulizwa," alisema. Ni kweli. Katika filamu Louise anajua, lakini mumewe anaingia katika ndoa na uzazi bila kujua, na siku anapoambiwa anashindwa kubaki. Filamu inampita haraka, kana kwamba udhaifu ni wake peke yake. Tunaona hiyo ndiyo kasoro yake kubwa, kuliko hata jinsi vita vya dunia nzima vinavyozuiwa kwa simu moja. Usiku ule hatukuwa na fundisho la kuwapa wenzetu hawa. Tulikumbuka tu kwamba Yesu alilia kaburini kwa Lazaro ingawa alijua atamfufua. Kumbe kujua mwisho hakumzuii mtu kulia, na sisi hatuna ruhusa ya kumkataza mtu machozi kwa kisingizio kwamba Mungu anajua.

Kilio katikati ya risasi

Children of Men, iliyoongozwa na Alfonso Cuarón wa Mexico, ilitoka mwaka 2006. Imejengwa juu ya riwaya ya P. D. James ya mwaka 1992. Mwandishi huyo alikuwa Mwanglikana, na jina la kitabu chake amelichukua kutoka Zaburi ya 90. Ni Uingereza ya mwaka 2027. Kwa miaka 18 hakuna mtoto aliyezaliwa popote duniani. Shule zimekuwa magofu, bembea zimeota kutu. Taifa limefunga mipaka, na wakimbizi wanawekwa kwenye vizimba vituoni kama mifugo.

Theo, anayeigizwa na Clive Owen, alimzika mwanawe miaka mingi nyuma. Tangu hapo anaishi kwa kazi ya ofisini na chupa ya pombe, wala hajali kitu. Siku moja anakabidhiwa msichana aitwaye Kee, mkimbizi kutoka Afrika, amsindikize hadi baharini. Kee anamwonesha sababu wakiwa zizini, katikati ya ng'ombe: ana mimba. Msomaji wa Injili ya Luka hahitaji kuelezwa zaidi.

Katika riwaya mama huyo si mkimbizi. Ni Cuarón aliyeamua kwamba tumaini la dunia libebwe na yule ambaye dunia imemfungia mlango. Mmoja wetu alikulia Kigoma, karibu na kambi ya Nyarugusu. Alituambia jinsi alivyokuwa akisikia watu wazima wakiwazungumzia Warundi na Wakongo wa kambini kama mzigo, nao haohao Jumapili wakiimba pamoja nao. Hakutaja hilo kwa hasira. Alisema tu kwamba alipomwona Kee zizini, aliwakumbuka akina mama wa kambini waliokuwa wakijifungua huko.

Tukio kubwa la filamu ni pale mtoto anapolia ndani ya jengo linalopigwa risasi. Askari wanasikia. Silaha zinashushwa, wengine wanapiga ishara ya msalaba, njia inafunguka, mama na mtoto wanapita. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Kisha bomu linalipuka na vita vinaendelea kama vile hakuna kilichotokea. Tunamshukuru Cuarón kwa kutotudanganya hapo. Krismasi yetu nayo huwa hivyo: usiku mmoja wa mishumaa, na asubuhi yake kesi za mashamba zinaendelea. Tofauti iko kwa Theo. Kwake amani ile haikuisha bomu lilipolipuka. Mtu aliyefiwa na mtoto wake amepata nguvu ya kumlinda mtoto asiye wake, bila malipo na bila kujua atafika naye wapi.

Tuonye kwamba filamu hii ina matusi mengi, bangi na vifo vya ghafla. Ni ya watu wazima.

Sala iliyokatika

Ya mwisho ilikuwa Prisoners ya mwaka 2013, nayo ya Denis Villeneuve. Ni ndefu, zaidi ya saa mbili na nusu, na ni ngumu kuvumilia. Kama jumuiya itachagua moja tu kati ya hizi nne, tunashauri iwe hii.

Inaanza kwa Sala ya Bwana. Keller Dover, anayeigizwa na Hugh Jackman, anaisali msituni Pennsylvania huku mwanawe akilenga paa kwa bunduki. Ni Mkristo, mchapakazi, anayependa familia yake. Siku ya Shukrani wanakula kwa majirani zao, familia ya Birch, na mchana huohuo mabinti wadogo wa nyumba hizo mbili wanatoweka. Polisi wanamkamata kijana mwenye akili ya mtoto wa miaka kumi. Ushahidi unakosekana, wanamwachia. Keller anamteka, anamfungia katika jengo bovu aliloachiwa na baba yake, na kuanza kumtesa ili aseme walipo watoto.

Kabla ya kuendelea na mateso anajaribu tena kusali Sala ya Bwana. Anafika kwenye msamaha, na hapo ulimi unagoma. Hawezi kuimaliza. Hatukumbuki filamu nyingine inayoonesha dhambi kwa uwazi namna hii: mtu hajamkana Mungu, hajatupa msalaba wake, ila sala imemkataa mdomoni. Baadaye filamu inatuonesha kwamba uovu wote ule ulianzia kwa wazazi waliofiwa na mtoto, wakaamua kupigana na Mungu kwa kuwageuza wazazi wengine kuwa kama wao. Mtekaji hakutaka pesa. Alitaka watu kama Keller wawe kama Keller alivyokuwa mle ndani. Na karibu afaulu.

Tulidhani tutamzungumzia Keller. Tukajikuta tunawazungumzia majirani. Baba na mama Birch wanajua kijana yupo ndani ya jengo lile. Wamemwona uso ulivyovimba. Mama, anayeigizwa na Viola Davis, anaamua kwamba hawatamsaidia Keller, lakini pia hawatamzuia. Kisha wanarudi nyumbani.

Hapo mzee wetu wa kanisa, yule aliyetuuliza swali la kwanza, alivua miwani akasema kuna jambo hajawahi kulisema. Wengi wetu tulilijua mara moja. Miaka miwili nyuma, uvumi wa wezi wa watoto ulipoenea mjini kwetu, kijana mmoja mgeni alionekana jioni njia ya sokoni akimvuta mtoto aliyekuwa analia. Mtu akapiga kelele. Kabla hajajieleza, alikuwa chini. Aliokolewa na mama lishe mmoja aliyemtambua mtoto, akajitupa katikati ya watu akipaza sauti kwamba huyo ni mjomba wake. Kijana alivunjika mkono na kupoteza meno.

Mzee alikuwa pale. Na baadhi yetu tulikuwa pale. Hakuna hata mmoja wetu aliyerusha jiwe, na kwa miaka miwili hiyo ndiyo imekuwa faraja yetu. Tulisogea pembeni. Mmoja alisema alikuwa na watoto wake, akawaza vipi kama ni kweli. Mwingine alisema aliangalia saa, akakumbuka anakwenda mazoezi ya kwaya, akaenda, na akaimba. Hatukusaidia, na hatukuzuia. Tulirudi nyumbani kama akina Birch.

Filamu ina makosa yake. Kasisi aliyemo ni mlevi mwenye maovu yake, na hakuna kiongozi mwingine wa imani wa kumsawazisha. Mateso yanaoneshwa kwa urefu kuliko inavyohitajika. Vijana walio chini ya miaka 18 wasiitazame, na aliyewahi kupotelewa na mtoto aambiwe mapema kuna nini ndani, jambo ambalo sisi tulishindwa kulifanya kwa Arrival.

Tulifunga kwa Sala ya Bwana kama kawaida. Tulipofika kwenye msamaha sauti zilipungua, tukaimaliza polepole. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu wanne wa kikundi chetu pamoja na mzee walikwenda kumtafuta mama lishe, wakamuuliza nyumbani kwa kijana yule ni wapi. Walifika. Kijana aliwapokea kwa heshima, akawapa viti, wala hakuwaambia kwamba amewasamehe. Wala wao hawakumdai aseme. Walichangia gharama za meno, na wamekubaliana kurudi.

Kwa hiyo, mzee wetu, swali lako lilikuwa kwa nini tutafute hofu nyingine. Hofu hatukwenda kuitafuta, maana tulikuwa nayo tayari, tumeificha nyuma ya nyimbo na mikono mitupu. Filamu hizi zilituwekea hofu yetu mbele ya macho, kwenye shuka, ili tuone inavyoelekeza mkono wa mzazi: unaweza kumtengenezea binti kifaa cha kusikia, unaweza kumpokea mtoto atakayeondoka mapema, unaweza kumbeba mtoto wa mkimbizi, na unaweza kufunga mlango wa jengo bovu kwa nje. Kwa wanaotaka kuanza, anzeni na A Quiet Place, malizeni na Prisoners, na msiziangalie peke yenu. Wekeni saa moja ya mazungumzo baada yake, na mtu wa kukaa ngazini na atakayetoka nje.